Okoi Arikpo na diplomasia ya Nigeria wakati wa vita vya Biafra: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwetu Tanzania, ukitaja Biafra, lile eneo la mashariki mwa Nigeria lililojitenga mwaka 1967, mazungumzo huanzia kwa Mwalimu Nyerere na mara nyingi huishia hapo hapo. Tunakumbuka kwamba Dar es Salaam ndiyo iliyotangulia kuitambua. Lakini mtu aliyekuwa amekalia kiti cha mambo ya nje kule Lagos, mji mkuu wa Nigeria wakati huo, siku habari hiyo ilipofika, wengi wetu hatumjui hata kwa jina. Nimeyakusanya maswali haya kwa sababu naamini kwamba bila kumjua huyu bwana, na hasa bila kujua alikotoka, nusu ya kisa inatupita.

Okoi Arikpo alikuwa nani?

Alikuwa msomi wa anthropolojia na mwanasheria, aliyezaliwa mwaka 1916 huko Ugep, kusini-mashariki mwa Nigeria. Alisoma London, akaingia siasa miaka ya mwanzo ya 1950, akazitoka, akawa katibu wa tume ya taifa ya vyuo vikuu, kisha mwaka 1967 Jenerali Yakubu Gowon akamkabidhi mambo ya nje. Alikaa kwenye kazi hiyo karibu miaka minane, kuanzia miezi ya mwanzo ya vita hadi serikali ya Gowon ilipopinduliwa mwaka 1975.

Mbona baadhi ya maandishi humwita kamishna, si waziri?

Ni cheo kile kile. Chini ya utawala wa kijeshi, wakuu wa wizara waliitwa makamishna wa shirikisho. Kabla yake wizara hiyo ilikuwa mikononi mwa Gowon mwenyewe.

Je, alikuwa Mwigbo?

Hapana, na hili ndilo jambo la kushika kabla ya mengine yote. Alikuwa Myakurr. Ugep ni mji mkubwa wa watu hao, nao uko ndani ya lile lililokuwa Jimbo la Mashariki, jimbo lile lile ambalo gavana wake wa kijeshi, Kanali Ojukwu, alilitangaza kuwa Jamhuri ya Biafra tarehe 30 Mei 1967. Kwa ramani ya Biafra, basi, waziri wa mambo ya nje wa Nigeria alikuwa raia wa Biafra.

Waigbo ndio waliokuwa wengi katika jimbo hilo, lakini kandokando yao waliishi Waefik, Waibibio, Waijo, Waogoni, Wayakurr na wengine wengi, ambao kwa pamoja ni mamilioni ya watu. Kwa miaka mingi kabla ya vita walikuwa wakidai jimbo lao wenyewe, lililopangwa kuitwa COR, yaani Calabar, Ogoja na Rivers. Arikpo alikuwa mmoja wa waliolipigania dai hilo.

Ugep ni mji wa namna gani?

Wanafunzi wa anthropolojia duniani kote wanaujua bila kufika. Mwanazuoni wa Kiingereza Daryll Forde aliishi huko miaka ya 1930 (wakati huo uliandikwa Umor, na watu wake Yakö), akaandika juu ya ukoo wao wa pande mbili. Mtu wa Ugep, kwa maelezo ya Forde, ana ukoo wa baba, kepun, unaompa kiwanja cha nyumba na shamba la viazi vikuu. Na ana ukoo wa mama, lejima, unaomrithisha fedha, mifugo na vitu vya kubebeka. Mzee akifariki, ardhi yake inabaki kwa wanawe, lakini mali yake inayohamishika huenda kwa ndugu wa upande wa mama, hata wapwa walio mtaa mwingine. Haki ya upande mmoja haifuti ya upande wa pili. Kijana wa mji huo alikwenda London kusomea taaluma ile ile iliyoufanya mji wake kuwa mfano vitabuni.

Aliingiaje kwenye siasa?

Kupitia chama cha NCNC, kilichoongozwa na Dk. Nnamdi Azikiwe. Mwaka 1952 Arikpo akawa waziri wa ardhi na upimaji katika baraza la mawaziri la Nigeria nzima, chini ya wakoloni. Muda mfupi baadaye chama kikagawanyika juu ya katiba. Viongozi walitaka mawaziri wao wa Lagos wajiuzulu. Arikpo, pamoja na A. C. Nwapa na Eni Njoku, wakakataa na wakafukuzwa chamani. Wapinzani wao waliwabeza kuwa ni mawaziri waliong'ang'ania viti. Yeye na wenzake wakaanzisha chama kipya na Profesa Eyo Ita wa Calabar, ambacho hakikufua dafu mbele ya NCNC.

Kisa hiki kinaonyesha kwamba mwaka 1967 haikuwa mara ya kwanza kwa Arikpo kusimama na Lagos dhidi ya wakubwa wa jimbo lake mwenyewe. Wanaosema alinunuliwa kwa cheo wakati wa vita wanasahau kwamba msimamo huo ulikuwa na umri wa miaka 15.

Vita vilianzaje, kwa ufupi?

Januari 1966 wanajeshi vijana, wengi wao Waigbo, waliipindua serikali na kumuua Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa. Julai mwaka huo wanajeshi wa Kaskazini wakalipiza, na Gowon akashika madaraka. Kisha yakaja mauaji ya Waigbo katika miji ya Kaskazini. Walikufa maelfu kwa maelfu, na waliosalia zaidi ya milioni moja, kwa makadirio ya wakati ule, wakarudi Mashariki kwa treni na malori wakiwa na majeraha na bila kitu mkononi. Mazungumzo ya Gowon na Ojukwu huko Aburi, Ghana, Januari 1967, hayakuzaa matunda. Tarehe 27 Mei Gowon akaigawa nchi katika majimbo 12, na Mashariki likakatwa vipande vitatu. Siku tatu baadaye Ojukwu akatangaza uhuru. Risasi zilianza kulia tarehe 6 Julai 1967.

Kipande kimojawapo kati ya vile vitatu, Jimbo la Kusini-Mashariki, ndicho kilichomweka Arikpo na watu wake nje ya mamlaka ya Enugu, makao makuu ya Ojukwu. Kile walichokidai tangu enzi za mkoloni wakakipata kwa tangazo la mwanajeshi, siku tatu kabla ya nchi kupasuka.

Kazi yake hasa ilikuwa nini?

Kuulinda mstari mmoja wa maandishi.

Septemba 1967 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikutana Kinshasa. Ujumbe wa Nigeria uliongozwa na Chifu Obafemi Awolowo; Arikpo ndiyo kwanza alikuwa anaingia wizarani. Azimio lililotoka lililaani kujitenga katika nchi yoyote mwanachama, likasema mgogoro wa Nigeria ni jambo la ndani, na kwamba ufumbuzi wake ni jukumu hasa la Wanigeria wenyewe.

Litazame hilo neno “hasa”. Kama lisingekuwamo, mlango ungefungwa kabisa. Kwa kuwa lilikuwamo, kulibaki ufa, na kwa karibu miaka miwili na nusu iliyofuata kila mtu alijaribu kuupanua: makanisa, Jumuiya ya Madola, Papa Paulo VI, serikali za Ulaya zilizosukumwa na wananchi wao. Kazi ya wizara ya Arikpo ilikuwa kuhakikisha kwamba anayetaka kusaidia anapita kwanza OAU, na anayepita OAU anakutana na azimio la Kinshasa. OAU iliunda kamati ya wakuu sita wa nchi, akiwamo Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Walipofika Lagos Novemba mwaka huo, Gowon aliwapokea kwa heshima zote, kisha akawaambia waziwazi kwamba hawakuja kupatanisha.

Mkakati ulifanikiwa. Mkutano wa OAU wa Algiers, Septemba 1968, uliunga mkono umoja wa Nigeria kwa kura 33 dhidi ya 4. Suala la Biafra halikuwahi kuwekwa kwenye ajenda ya Baraza la Usalama wala ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ingawa picha za watoto wenye utapiamlo zilikuwa kwenye magazeti ya dunia nzima. Nikiitazama kama ufundi wa kidiplomasia, sioni waziri wa Afrika wa miaka ile aliyepata zaidi kwa maneno machache kama yale. Nikiwatazama wale watoto, nashindwa kufurahia.

Kwa nini Tanzania iliitambua Biafra?

Tamko lilitolewa tarehe 13 Aprili 1968 na Chediel Mgonja, waziri wa nchi aliyeshughulikia mambo ya nje. Wiki mbili baadaye Mwalimu akaeleza sababu zake kwenye gazeti la Uingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba dola huwapo kwa ajili ya kuwalinda watu wake. Watu wanapochinjwa na dola ikashindwa kuwalinda, wana haki ya kujitafutia ulinzi mwingine. Umoja, kwake, ulisimama juu ya ridhaa. Akatoa mfano wa nyumbani uliowashangaza wengi: kwamba kama umma wa Wazanzibari, bila kuchochewa na mtu wa nje, ungeona Muungano unahatarisha uhai wao, asingeweza kutetea kuwapiga mabomu ili wabaki.

Mwezi uliofuata Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata. Machi 1969 ikaongezeka Haiti. Basi.

Lagos ilijibu nini?

Ilikata uhusiano wa kibalozi na Tanzania mara moja. Ili kuelewa uchungu wao, rudi nyuma miaka minne tu. Januari 1964 jeshi la Tanganyika liliasi, na Mwalimu akalazimika kuomba msaada wa Waingereza, jambo lililomuumiza sana. Ili askari wa Kiingereza waondoke, Afrika ilitafuta kikosi chake, na nchi iliyokubali kuleta batalioni Dar es Salaam ilikuwa Nigeria. Askari wa Nigeria walikaa miezi kadhaa wakilinda nchi yetu tulipokuwa tunaunda jeshi jipya. Machoni pa Lagos, aliyesaidiwa kusimama alikuwa amemsukuma msaidizi wake.

Nadhani hapa sisi Watanzania tunapaswa kuwa wakweli: tunaikumbuka Biafra kama kisa cha ujasiri wetu, lakini ile batalioni tumeisahau.

Basi, Mwalimu alikosea?

Kuhusu mauaji ya 1966, hapana. Alisema kilichokuwa kinanong'onwa na wengine, na alikisema bila nchi yake kupata faida yoyote. Waigbo wengi wanaliheshimu jina lake hadi leo kwa sababu hiyo.

Lakini ridhaa ni ya nani? Hapo ndipo jina la Arikpo linapoibana hoja ya Mwalimu. Ramani aliyoitambua ilichukua Jimbo zima la Mashariki, pamoja na Ugep, Calabar na Port Harcourt. Watu wa huko hawakuulizwa kwa kura kama walitaka Biafra. Zipo jamii ambazo vijana wao waliandikishwa jeshi la Ojukwu na wazee wao wakashukiwa usaliti. Neno “sabo”, kifupi cha mhujumu, lilitosha kumpoteza mtu. Na wapo pia watu wa makabila madogo walioitumikia Biafra kwa moyo wote hadi mwisho: Philip Effiong, aliyekuwa wa pili kwa Ojukwu jeshini, alikuwa Muibibio. Kwa hiyo huwezi kusema wote walikuwa upande huu au ule.

Msimamo wangu ni huu. Kanuni ya Nyerere ilikuwa sahihi na ilipaswa kufika hadi Ugep. Hoja ya Arikpo kuhusu makabila madogo ilikuwa sahihi nayo, na haikuhalalisha kuwafungia chakula Waigbo waliozingirwa. Lagos pia haikuwauliza watu wa Ugep kwa kura.

Kenya, Uganda na Kongo zilisimama wapi?

Kenya na Kongo zilikuwa upande wa Lagos, kila moja kwa kidonda chake. Kenya ilikuwa imetoka kupambana na mashifta waliotaka Kaskazini-Mashariki liungane na Somalia. Kongo ilikuwa na kumbukumbu ya Katanga, jimbo lake lililowahi kujitenga, na siku zile zile wakuu wa Afrika walipokutana Kinshasa, mji wa Bukavu ulikuwa mikononi mwa mamluki wa Jean Schramme. Ungemwambia nini Mobutu kuhusu haki ya kujitenga wakati huo?

Uganda ilikuwa mwenyeji wa mazungumzo ya amani ya Mei 1968 mjini Kampala, Rais Obote akiyafungua. Ujumbe wa shirikisho uliongozwa na Chifu Anthony Enahoro, wa Biafra na Jaji Louis Mbanefo. Biafra ilitaka kwanza silaha zinyamaze. Lagos ilitaka kwanza Biafra iukane uhuru wake. Siku chache kabla ya kukaa mezani, jeshi la shirikisho lilikuwa limeiteka Port Harcourt, na Biafra ikawa haina tena bandari. Mwisho wa mwezi Mbanefo akafunga mafaili yake akaondoka.

Mbona anayeonekana kwenye mazungumzo ni Enahoro, si Arikpo?

Kwa sababu Lagos haikutaka kuzungumza na Biafra kupitia wizara ya mambo ya nje. Kumtuma waziri wa nje kungekuwa kukiri kwamba aliye upande wa pili wa meza ni nchi ya nje. Enahoro alishika habari na kazi, wizara za ndani. Huu ni usomaji wangu, lakini unaendana na kila kitu kingine walichokifanya.

Nani aliwauzia silaha?

Uingereza iliendelea kuiuzia Lagos bunduki na magari ya deraya, ila ilikataa ndege za kivita. Lagos ikageukia Moscow, na tangu Agosti 1967 ndege za MiG-17 zikaanza kuwasili. Kwa nchi iliyokuwa imeiogopa Urusi kama ukoma tangu uhuru, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Marekani ilikataa kuuza silaha kwa upande wowote. Ufaransa haikuitambua Biafra, lakini Julai 1968 serikali ya de Gaulle ilisema watu wa Biafra wana haki ya kujiamulia, na silaha zikapita Libreville na Abidjan. Wizara ya Arikpo ilipaswa kukaa vizuri na London na Moscow kwa wakati mmoja, katikati ya vita baridi, na ikaweza.

Je, anabeba lawama ya njaa?

Sehemu yake, ndiyo. Alikuwa ndani ya serikali iliyoizingira Biafra kwa nchi kavu na baharini, na ndiye aliyeitetea nje. Makadirio ya waliokufa yanaanzia laki tano na kufika milioni 3, wengi wao kwa njaa na maradhi, wengi watoto. Utapiamlo wa kukosa protini uliwavimbisha miguu na matumbo na kugeuza nywele zao kuwa nyekundu.

Ubishi wa kidiplomasia ulikuwa juu ya njia ya kupitisha chakula. Ndege za makanisa zilitua usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwenye kipande cha barabara ya lami kule Uli, na ndege za silaha zilitua hapo hapo, giza lile lile. Lagos ilisema ndege za chakula zikaguliwe na ziruke mchana. Biafra ilisema ndege za mchana zitafungua njia kwa jeshi la adui. Tarehe 5 Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilitunguliwa. Septemba mwaka huo Lagos na Msalaba Mwekundu wakakubaliana juu ya safari za mchana kutoka Cotonou, Ojukwu akakataa. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila siku ya hoja ilikuwa na makaburi yake.

Kuhusu tuhuma ya mauaji ya kimbari, Lagos ilifanya jambo ambalo serikali nyingi zilizo vitani hazifanyi: mwaka 1968 iliwaalika waangalizi kutoka Uingereza, Kanada, Poland, Sweden, OAU na Umoja wa Mataifa wafuatane na jeshi. Waliripoti kwamba hawakuona ushahidi wa mpango wa kuangamiza kabila. Ila walitembea maeneo ya shirikisho tu. Waliokuwa wanakufa njaa walikuwa upande wa pili wa mstari.

Uhusiano na Tanzania ulirudije?

Biafra ilisalimu amri Januari 1970. Ojukwu alikimbilia Ivory Coast, na Effiong ndiye aliyekwenda Lagos tarehe 15 kukabidhi. Gowon akatangaza kwamba hakuna mshindi wala mshindwa. Mwaka huo huo, Haile Selassie akiwa mpatanishi, Nigeria ikapatana na nchi za Afrika zilizoitambua Biafra. Haikudai fidia wala kuombwa radhi hadharani. Miaka iliyofuata Lagos na Dar es Salaam zilikuwa bega kwa bega katika ukombozi wa kusini mwa Afrika. Hilo la kusamehe bila kudhalilisha nalipa alama za juu katika kazi yote ya serikali ile.

Alifanya nini baada ya vita?

Mengi, na kwa fedha za mafuta. Nigeria iliitambua China mwaka 1971, ikajiunga na OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, mwaka huo huo, ikakata uhusiano na Israel mwaka 1973, na Mei 1975 mkataba wa kuunda ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, ukatiwa saini Lagos. Siku chache baadaye, huko Maroua, Gowon na Rais Ahidjo wa Cameroon wakakubaliana mpaka wa baharini jirani na rasi ya Bakassi, makubaliano ambayo Wanigeria wengi waliyalalamikia kwa miongo.

Aliondokaje madarakani?

Pamoja na bosi wake. Tarehe 29 Julai 1975 Gowon alikuwa Kampala kwenye mkutano wa OAU jeshi lilipompindua. Aliyesoma tangazo redioni alikuwa Kanali Joseph Garba. Garba huyo huyo ndiye aliyepewa wizara ya mambo ya nje baada ya Arikpo.

Na Biafra, waziri wake wa mambo ya nje alikuwa nani?

Matthew Mbu, aliyezaliwa 1929 huko Okundi, katika watu wa Boki. Okundi na Ugep zote zilikuwa katika mkoa mmoja wa zamani, Ogoja. Hakuna kati ya hao wawili aliyekuwa Mwigbo. Mbu alikuwa waziri angali kijana sana, kisha mwakilishi wa Nigeria London kabla ya uhuru. Biafra ilipoundwa akachagua Enugu, na mwenzake wa Ogoja akachagua Lagos.

Baada ya vita alirudi Nigeria kama wengine. Mwaka 1993, katika serikali ya mpito ya Ernest Shonekan iliyodumu chini ya miezi mitatu, Mbu aliteuliwa kuwa waziri wa mambo ya nje wa Nigeria, akakalia kiti alichokuwa amekalia Arikpo.